UZI: John Clare, mshairi wa viota. Alitazamaje, nini kilimvunja, na tumlete vipi katika Kiswahili

KinaChaKati (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mtunzi akikwama huambiwa neno lilelile: nenda porini, kaa chini ya mti, mashairi yatakuja. Ushauri huo hauna hatua wala kipimo, ndiyo maana wengi hurudi na beti za mwezi unaong'aa na maua yanayonukia. Naomba tumjadili mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa kipimo, tuone alikuwa anafanya nini hasa, na nini kilimharibikia.

John Clare alizaliwa tarehe 13 Julai 1793 katika kijiji cha Helpston, mashariki ya Uingereza, karibu na mji wa Peterborough. Baba yake alikuwa kibarua wa kupura nafaka, na Clare mwenyewe alipita kazi zote za shamba: kuchunga, kulima, bustani, kuchoma chokaa. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Januari 1820 kwa John Taylor wa London, mchapishaji yuleyule wa mshairi Keats, kikauza nakala zaidi ya 3,000 ndani ya mwaka. Vilivyofuata mwaka 1821, 1827 na 1835 havikufika hapo tena. Mwaka 1837 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya High Beach, kwenye msitu wa Epping. Julai 1841 akatoroka kwa miguu. Desemba mwaka huohuo akapelekwa Northampton, akakaa huko mpaka alipofariki tarehe 20 Mei 1864.

Hapo wengi huishia: maskini, mwendawazimu, mpenda ndege. Mimi nataka tuanze na utazamaji wake.

Chukueni shairi lake la kiota cha naitingeli (nightingale, ndege mdogo maarufu kwa wimbo wake). Halianzi na sifa za ndege. Linaanza na maelekezo ya namna ya kufika: funga lango la msitu polepole lisigonge, nyamaza, tambaa kwa mikono na magoti chini ya miiba. Kisha linakuja jambo ambalo mshairi wa mezani asingelijua, kwamba kiota cha ndege huyu maarufu hakiko juu ya mti. Kiko chini karibu na ardhi, kimejengwa kwa majani makavu ya mwaloni na moss, mimea midogo laini kama mahameli. Mayai ni matano, rangi ya kijani iliyofifia, na papo hapo anajisahihisha: hapana, ni kama zeituni inayoelekea kahawia. Halafu anaondoka bila kugusa.

Huko kujisahihisha ndani ya mshororo ndiko kulikonikamata. Mtu anayesaka neno zuri angebaki na kijani.

Utaratibu wake, kwa jinsi unavyoonekana katika mashairi, barua na kumbukumbu zake:

1. Mahali pamoja, tena na tena. Karibu kila alichoandika kabla ya 1832 kimetoka ndani ya eneo ambalo mtu hulizunguka kwa miguu na kurudi nyumbani kabla ya giza.
2. Mwili kuwa chini. Anachuchumaa, analala kifudifudi, anatambaa. Vitu vingi anavyovitaja havionekani na mtu aliyesimama wima.
3. Kuandika palepale. Alikuwa anajitupa nyuma ya ua au kichaka na kuandika juu ya kofia yake, kwa sababu wakulima wenzake walimwona wa ajabu.
4. Kuhesabu na kupima kwa vitu vilivyo mkononi: vidole, punje, hatua.
5. Kuacha kitu kama kilivyokutwa.

Karibuni.

---

Shamba_la_Babu

Mkuu, umelipita haraka jambo zito kuliko yote: ardhi.

Mwaka 1809 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kugawa na kuzungushia ua ardhi ya Helpston na vijiji jirani. Hati ya mwisho ya mgawo ilitoka 1820. Hesabuni: Clare alikuwa na miaka 16 kazi ilipoanza na 26 ilipokamilika. Ujana wake wote ulipita akiangalia nchi inakatwa vipande.

Kabla ya hapo Helpston ilikuwa na mashamba makubwa matatu ya wazi, kila moja limegawanywa kwa vipande virefu vyembamba vya familia mbalimbali bila ua katikati. Pembeni kulikuwa na nyika na malisho ya pamoja ambako maskini alifunga ng'ombe wake mmoja, akaokota kuni, akakata majani. Mzunguko wa kupanda na kupumzisha ardhi uliamuliwa na kijiji kizima. Njia zilizunguka kijiji, na mtu akisimama katikati aliona mpaka upeo wa macho bila kizuizi.

Baada ya mgawo kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Mwenye haki ya maandishi alipata ardhi, mwenye haki ya mazoea tu hakupata kitu. Njia zikanyooshwa, nyingine zikafungwa, miti ikakatwa, vijito vikaelekezwa upya. Na kibarua aliyepoteza malisho ndiye huyohuyo aliyeajiriwa kuchimba mitaro na kupanda ua. Clare mwenyewe aliifanya kazi hiyo kwa malipo.

Ukielewa hilo, mashairi yake ya mazingira hayasomeki tena kama mapambo. Lipo moja ambalo machimbo ya mawe ya Swordy Well yenyewe ndiyo yanayosema, yakilalamika kwa nafsi ya kwanza kama maskini aliyetupwa mikononi mwa parokia, iliyokuwa ikitunza maskini wa kijiji. Kipande hicho cha ardhi leo ni hifadhi ndogo ya viumbe. Anayependa dhamira katika ushairi aanze hapo, kisha ndiyo aende kwenye viota.

---

Mkutubi

Naongeza kwenye la ardhi. Katika kumbukumbu zake Clare anaeleza kwamba alipokuwa mtoto alitembea kuelekea nyika ya Emmonsales akidhani atafika ukingo wa dunia na kuchungulia chini. Alipovuka sehemu anazozifahamu aliona hata jua liko upande mwingine, na ndege na maua hawamjui. Anasema alikuwa ametoka nje ya ujuzi wake.

Maneno hayo yachukueni kama yalivyo. Kwake ujuzi ni eneo lenye mipaka, na nje ya mipaka hiyo macho hayafanyi kazi. Sasa tazameni mwaka 1832: wafadhili wanampatia nyumba bora zaidi Northborough, yenye bustani na kiwanja, umbali wa kilomita 5 hivi. Kwa mtu mwingine ni bahati. Clare aliandika shairi zima la kuhama huko, la huzuni, ambamo kila mti unaonekana mgeni kwake.

Wanaosema maumbile ni dawa ya akili wajibu hili. Northborough ilikuwa na miti, maji na ndege wa kutosha. Alichokosa Clare ni ndege anaowajua kila mmoja na kichaka chake.

---

Jongoo

Nauliza kwa heshima: si kweli kwamba maumivu ndiyo yaliyompa ushairi? Shairi lake linalojulikana zaidi duniani, la "mimi nipo", aliliandika akiwa hospitali. Bila mateso lingetoka wapi?

---

KinaChaKati

Swali zuri, Jongoo. Tarehe zinalijibu.

Mashairi ya viota na yale ya wanyama yametoka zaidi kati ya 1824 na 1836 hivi, akiwa nyumbani Helpston na kisha Northborough. Kati ya 1831 na 1832 alinakili kwa mkono wake mkusanyiko mkubwa wa kazi za wakati huo, akitafuta watu wa kuulipia kabla haujachapwa. Hawakutosha. Mkusanyiko ule kwa ukamilifu wake ulichapishwa mwaka 1979. Yaani mkusanyiko wake bora haukutoka mzima kwa karibu miaka 150, na si kwa sababu alikuwa mgonjwa. Ni kwa sababu soko la mashairi lilikuwa limeporomoka baada ya msukosuko wa fedha wa 1825, na mchapishaji alikuwa amechoka.

Hilo la "mimi nipo" lilichapwa mwanzoni mwa 1848 kwenye gazeti la Bedford. Ni shairi kubwa, sibishi. Lakini lisome kwa jicho la mada yetu: maumbile yako wapi? Hakuna ndege, hakuna mmea wenye jina, hakuna mahali. Mwishoni kabisa anatamani kulala, nyasi chini yake na mbingu juu. Mtu aliyejua tofauti ya mayai ya ndege wa jamii moja amebakiwa na vitu viwili ambavyo kila mfungwa anavyo.

Mateso hayakumpa mashairi, yalimpunguzia vitu vya kuandikia. Aliendelea kuandika kwa sababu ilikuwa kazi yake tangu utotoni, na kwa sababu pale Northampton msimamizi mmoja, W. F. Knight, alikuwa na moyo wa kumnakilia kuanzia 1845 mpaka alipohamia kwingine 1850. Baada ya Knight kuondoka mashairi yaliyosalia ni machache mno. Ubongo ni uleule na ugonjwa ni uleule. Kilichotoweka ni mtu wa kunakili.

---

BintiMvita

Hili la Knight wengi hawalijui, ahsante. Na tusimpe Clare jina la ugonjwa kutoka kwenye viti vyetu. Yanayojulikana yanatosha: aliamini ana wake wawili, yaani Patty aliyemwoa kweli mwaka 1820, na Mary Joyce wa kijiji cha Glinton aliyempenda utotoni. Mary alifariki 1838 bila kuolewa, na Clare alipoambiwa hakukubali. Kuna wakati alijiona mshairi Byron, kuna wakati bondia.

Mizigo iliyokuja kabla ya hapo nayo inajulikana. Posho ya wafadhili ilikuwa takriban pauni 45 kwa mwaka, na nyumbani kulikuwa na mke, wazazi wake na watoto waliofika saba. Wageni wa mjini walikuja kumtazama "mkulima mshairi", akaitwa kutoka shambani, siku ya kibarua ikapotea bila malipo. Chakula kilikuwa kidogo. Pia kulikuwa na homa za vinamasi, ambazo ni malaria ya Uingereza ya wakati ule, kwa sababu nchi hiyo ya tambarare ilijaa maji yaliyotuama. Daktari aliyejaza fomu ya kumpeleka Northampton aliandika kuwa chanzo ni miaka ya kuzama katika utunzi. Fomu haikutaja njaa wala deni.

---

Nahodha_wa_Pangani

Kwa wanaotaka kuona utazamaji wake ukifanya kazi hata akili ikiwa imeyumba, someni maelezo yake ya safari ya Julai 1841. Ni kama kilomita 130 kutoka High Beach hadi nyumbani, siku nne, bila pesa.

Usiku wa kwanza alilala kwenye banda juu ya mafungu ya majani ya malisho, na kabla ya kusinzia alihakikisha kichwa kinaelekea kaskazini ili akiamka ajue pa kushika. Hana dira wala ramani, lakini anatumia mwili wake kama sindano ya dira. Baharia yeyote ataelewa. Siku ya tatu njaa ilipozidi alikula nyasi za kando ya barabara na akaandika kwamba ladha yake inakaribia mkate. Akatafuna na tumbaku iliyobaki. Karibu na nyumbani Patty alimfuata na gari la farasi, Clare hakumtambua mkewe.

Maelezo yote hayo aliyaandika mara tu alipofika. Soli ya kiatu iliyoachia, majina ya miji aliyoyakumbuka, nani alimpa senti ya kununulia bia. Kujihurumia ni nadra.

---

Mkutubi

Kuhusu vifaa, maana kuna kitu cha kujifunza hata kwa wanaohifadhi miswada ya kwetu.

Clare alijitengenezea wino. Ni wino wa chuma uliokuwa wa kawaida Ulaya kwa karne nyingi. Viungo ni vinundu vya mwaloni (uvimbe unaoota mti ukitagiwa mayai na nyigu wadogo), salfeti ya chuma, na maji ya mvua. Mara nyingi huongezwa gundi ya miti ya jamii ya migunga. Vinundu vinapondwa na kulowekwa siku kadhaa ili vitoe tanini, maji yanachujwa, ndipo chuma kinatiwa. Ukiandika, wino hutoka hafifu, kisha hukolea kuwa mweusi ukipata hewa.

Kosa hutokea kwenye uwiano. Salfeti ikizidi tanini, chuma kilichobaki huru pamoja na asidi huendelea kuila karatasi miaka na miaka. Herufi hugeuka kahawia, kisha karatasi hutoboka kwa umbo la herufi. Anayetengeneza nyumbani kwa kukadiria hukosea uwiano kirahisi, na Clare aliandika pande zote za karatasi, pembeni, hata juu ya barua za watu, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali. Miswada yake mingi iko Peterborough na Northampton, na sehemu yake inasomeka kwa taabu.

Jambo la pili ni kwamba hakuweka alama za uandishi, na alitumia maneno ya kijijini kwake. Taylor alisahihisha, akaweka mikato, akafuta baadhi ya maneno ya lahaja. Kitabu cha 1827 alikikata vibaya sana. Wahariri wa karne ya 20 wakarudi kwenye miswada, na mpaka leo wapo wanaobishana kama Clare achapwe na mikato au bila.

---

Mwl_Tarbia

Wakuu, nimesoma kwa makini. Naomba sasa tuje nyumbani: tunamtafsiri vipi?

Kuna mtego wa kwanza ambao ni tarbia yenyewe, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti. Mshororo wa Clare mara nyingi ni wa silabi 10. Sisi tuna mizani (silabi) 16 kwa mshororo, yaani nusu ya kwanza (ukwapi) 8 na nusu ya pili (utao) 8, kina cha kati na cha mwisho. Hapo kuna nafasi kubwa kuliko maneno yake, na Kiswahili kinajaza nafasi hiyo kwa urahisi mno. Shairi lake la ndege mdogo anayemwita pettichap, anayejenga kando ya njia ya magari ya farasi, mtu akilivamia kwa tarbia hutoka hivi:

*Kando ya njia ya nyasi, magurudumu yapita,*
*Ndege kajenga upesi, kiota kinachonata…*

Mizani imetimia, vina vimekaa, na mshororo wa pili umesema uongo mara mbili. Clare hakusema ndege alijenga upesi. Hakusema kiota kinanata. "Upesi" limeletwa na "nyasi", "kinachonata" limeletwa na "yapita". Kwa mshairi mwingine ungesamehewa. Kwa huyu umeua shairi, maana shairi zima ni ushahidi wa macho.

Napendekeza utenzi. Mizani 8 hainyooshi mkono kutafuta vijazio. Nimejaribu beti mbili za sehemu hiyo ya kiota:

*Nyasi kavu kazipanga*
*paa juu kalifunga*
*tundu dogo kalitenga*
*vidole viwili ndani.*

*Manyoya ndiyo malazi*
*mayai kama mbaazi*
*mahali penyewe wazi*
*gari lapita njiani.*

Vidole viwili ni vya Clare mwenyewe: anasema tundu halipitishi vidole viwili kwa urahisi. Ulinganisho wa mayai na punje jamii ya njegere ni wake pia. Kuwa mahali hapana kichaka wala mwiba wa kukinga, hilo ndilo linalomshangaza.

---

Jongoo

Mwalimu, kina cha -ni si kile tunachokataza kila siku kwa kuwa ni cha rahisi?

---

Mwl_Tarbia

Nakataza -ni ya kubandika, ile ya "moyoni", "akilini", "maishani" inayoongezwa mtu akikosa kina. Hapa "ndani" na "njiani" ni mahali halisi. Ukizitoa, msomaji hajui vidole viko wapi wala gari linapita wapi. Kipimo changu ndicho hicho: toa neno, angalia kama kuna kitu cha kuonekana kimepotea. Kama hakijapotea, neno lilikuwa kijazio.

Kwa wanaoanza kuhesabu: "mti" ni mizani mbili (m-ti), "mtu" vilevile, "nchi" mbili (n-chi). Lakini "ndege" ni mbili tu, maana "nd" inatamkwa pamoja na irabu yake. Wengi huihesabu tatu na mshororo unapwaya.

---

BintiMvita

Mimi naona Kiswahili kina faida moja kubwa kwa Clare kuliko hata lugha jirani zake za Ulaya. Anaandika bila mikato kwa sababu matukio yanafuatana kama yalivyoonekana: nikaona, nikainama, akaruka, nikasogeza majani. Taylor alilazimika kuweka nukta. Sisi tuna -ka-, ambayo ndani ya kitenzi inabeba "halafu" bila alama yoyote. Ukimtafsiri kwa -ka- na kupunguza mikato, unapata mwendo wake bila kumfanya aonekane hajui kuandika. Ila usichanganye -ka- na -li- kila mstari, mwendo utakatika.

La pili ni maneno ya lahaja. Clare alikuwa na neno lake la konokono wa bustani, "pooty", na neno lake la kila aina ya dimbwi, mwendo na utelezi. Taylor aliyaona ya kishamba. Mtafsiri asirudie kosa hilo kwa kuweka Kiswahili cha ofisini. Lugha yetu inatenga kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, tunda lilelile kwa hatua zake. Inatenga bamvua na maji mafu. Huo ndio ustadi wa macho anaouhitaji Clare. Penye neno la Kimvita au la Kimakunduchi lililo sahihi kuliko la kamusi sanifu, liwekwe, na maana itokee kwenye mshororo unaofuata, si kwenye tanbihi.

---

Nahodha_wa_Pangani

Na majira, jamani. Mei yake isigeuzwe masika. Mei ya Helpston ni ndege wanajenga, majani mapya, usiku mfupi. Masika yetu ni mvua na matope. Acheni "Mei" ibaki Mei.

Na huyo naitingeli: nimeona akitafsiriwa chiriku, wengine kurumbiza. Chiriku sifa yake kwetu ni kupiga kelele bila kukoma, mtu msemaji sana ndiye huitwa chiriku. Ukimweka pale, msomaji anacheka mahali ambapo Clare ananong'ona. Kurumbiza ana sauti nzuri, lakini si mgeni wa majira. Naitingeli wa Uingereza huja kuzaliana Aprili na Mei, kisha hurudi kukaa Afrika Magharibi, pande za Senegali na Gambia. Jamaa zake wa mashariki ya Ulaya hupita Kenya na Tanzania, na pale Ngulia, Tsavo, wamekuwa wakinaswa usiku wa ukungu, kuvishwa pete za utambulisho na kuachiwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo ndege wa aina hiyo anafika kwetu, ila tunamkuta kichakani wakati wa baridi ya kwao, na wimbo wake kamili huimbwa kule anakozalia. Napendelea "naitingeli" libaki, maelezo ya shairi yatamtambulisha.

---

Mkutubi

Hapo ndipo Keats anapoingia. Wote wawili walichapwa na Taylor, hawakuwahi kukutana, na wote wameandika juu ya ndege huyo. Keats alitunga lake Hampstead mwaka 1819, akikaa chini ya mti bustanini. Kwake ndege ni mlango: sauti inamchukua kwenda kwenye mvinyo, hadithi za Wagiriki, kifo. Kiota hakipo.

Keats alipopewa kusoma kazi ya Clare alituma neno kupitia Taylor kwamba maelezo yamezidi hisia. Clare naye alisema Keats anaeleza maumbile kama yalivyomjia kichwani, si kama angeyaeleza kama angeyashuhudia. Mabishano yote ya ushairi wa mazingira yamo katika hukumu hizo mbili.

---

Shamba_la_Babu

Mimi niko na Clare. Kibarua hana ruhusa ya kukosea jina la mmea, atalisha mnyama sumu.

---

KinaChaKati

Nami niko na Clare, lakini namwelewa Keats alichokihofia. Orodha ya vitu si shairi. Tofauti ni kwamba Clare huficha hisia ndani ya tendo la mwili. Anaposema tuondoke tusimshtue ndege, hofu ya mtu aliyefukuzwa kwenye malisho yake iko hapo, bila kutajwa. Shairi lake la kiota cha panya linakwenda hivyohivyo: anachokonoa fundo la nyasi akidhani atakuta ndege, panya mke anachomoka na watoto wakiwa wamening'inia kwenye chuchu, anasogea pembeni, panya anarudi. Mishororo miwili ya mwisho inaonyesha maji membamba yakipita juu ya kokoto na madimbwi ya zamani yakimeta juani. Hakuna "nikasikitika" wala "nikajifunza". Mtafsiri akiongeza ubeti wa mafunzo pale, kama desturi yetu inavyomvuta, amelifunga shairi ambalo mwenyewe aliliacha wazi.

Mwalimu, nina hoja moja kwenye ubeti wako wa kwanza. "Paa juu kalifunga": paa huwa wapi kama si juu? Kwa kipimo chako mwenyewe, "juu" likitoka hakuna kinachopotea. Na Clare ametoa mfano wake, anasema kiota kimejengwa kama tanuri la mkate, duara lenye mdomo mdogo. Umeutupa mfano wake ukabaki na kijazio.

---

Mwl_Tarbia

Kweli kabisa, ndugu yangu. Nimepima tena: ka-ma-ta-nu-ri-ka-fu-nga, nane.

*Nyasi kavu kazipanga*
*kama tanuri kafunga*
*tundu dogo kalitenga*
*vidole viwili ndani.*

Nitaendelea na sehemu ya majani ya mwaloni na madoa mekundu ya mayai, ambayo anasema ni madogo kama vumbi. Mwenye kina cha "vumbi" kisichoburuta kijazio alete.

---

BintiMvita

"Wimbi" na "sumbi" zitakuvuta baharini, na pale hakuna bahari. Usilifanye kina. Liweke "vumbi" katikati ya mshororo, kina kikae kwenye "doa": *doa vumbi likapoa* hapana, "poa" ni kijazio. Jaribu *kama vumbi kila doa*. Ka-ma-vu-mbi-ki-la-do-a. Nane. Sasa zimebaki mbili za -oa, na "manyoya" haifai, ni -ya.